Uzi wa mafini ya oti: nini unabadilisha, nini usiguse

#1 Bi_Hiliki (Unguja)

Assalaam alaykum jamaa. Maswali ya mafini ya oti yamekuwa mengi, ya futari, ya vitafunio vya skuli, ya wazee wenye sukari, na majibu yametapakaa kila pahala. Naweka hapa kanuni moja, kisha tujadili kubadilisha. Kikombe ninachosema ni cha kupimia, mililita 240, sio kikombe cha chai cha kabatini. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula 15.

Kwa mafini 12:

Oti, kikombe 1 (gramu 90)
Mtindi wa kawaida usio na sukari, kikombe 1
Unga mweupe wa ngano, kikombe 1 (gramu 125)
Sukari, nusu kikombe (gramu 100), ya brauni ikipatikana ni bora
Yai 1
Mafuta ya kupikia ya maji, theluthi ya kikombe (mililita 80)
Beking pauda, kijiko cha chai 1
Soda ya kupikia, nusu kijiko cha chai
Chumvi, nusu kijiko cha chai
Hiliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, au mdalasini kijiko 1

Mimina mtindi juu ya oti, koroga, acha nusu saa. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye mafini yenyewe. Oti kavu ikiingia kwenye rojo huendelea kunywa maji mpaka ndani ya oveni, na unga nao unayataka maji yale yale. Unatoa kitu kikavu chenye chembe za kutafuna. Oti iliyolowa imeshashiba, kwa hiyo uzito wa rojo unaouona kwenye bakuli ndio utakaoingia motoni. Ukilaza usiku mzima kwenye friji ni sawa, ila asubuhi ongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa.

Washa oveni kwanza, nyuzi 200 za Selsiasi, kabla hujashika unga. Kwenye bakuli la oti tia yai lililochapwa, sukari na mafuta, koroga vizuri. Hapo unaweza kukoroga utakavyo. Bakuli la pili chekecha unga, beking pauda, soda, chumvi na hiliki. Kisha vikavu vyote mimina juu ya vya maji kwa mara moja, chukua mwiko, mashine iache kabatini. Zungusha mara 10 hadi 15, ukikomba chini ya bakuli. Unga mkavu ukishapotea, simama. Mabonge madogo yaache yalivyo.

Jaza kila kikombe cha treya ya mafini (sio kile cha kupimia) robo tatu, ni kama gramu 55 hadi 60 za rojo. Dakika 18 hadi 20. Kijiti kitoke na chembe mbili tatu zilizoshikana, sio rojo. Treyani yakae dakika 5 tu, halafu yatoe yapoe juu ya waya au chekecheke. Yakiachwa humo, mvuke unarudi chini na vitako vinalowa.

#2 Mkarafuu_Wete

Wa alaykum salaam Bi Hiliki, ahsante. Maswali mawili. Dukani kuna oti za kopo, za pakiti, nyengine zimeandikwa za kuiva upesi. Ipi? Na mtindi usipokuwepo?

#3 Bi_Hiliki

La mtindi namwachia Mwalimu, yeye ndiye wa mambo ya asidi.

Oti, chukua zile bapa. Zipo za bapa kubwa nzima na za bapa ndogo zilizokatwa ziive upesi. Zote mbili zinafaa. Kubwa unazihisi mdomoni, ndogo zinatoa mafini laini zaidi na robo saa ya kulowa inazitosha. Zisizofaa ni tatu. Vipakiti vya kumimina maji ya moto, ambavyo vina sukari na ladha ndani na hugeuka uji. Punje za oti zilizokatwa vipande bila kulainishwa, hazitolowa kwa nusu saa hata ukiziombea dua. Na ngano ile iliyopondwa ya shurba, maana rafu moja ya duka huwa na vyote pamoja.

Kabla hujanunua kopo kubwa kwa kuwa ni rahisi, kumbuka oti ina mafuta mengi kuliko ngano, karibu asilimia 7, na kwa joto letu hili huvunda. Ukifungua ikanuka mafuta ya zamani, au ukitafuna punje mbili tatu ikaacha uchungu nyuma ya ulimi, haina dawa. Hata hiliki haitoificha. Nunua kidogo, weka kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza. Ukiona dalili za wadudu katika pakiti ulizonunua pamoja, zile ambazo bado safi zilaze kwenye friza siku 4, mayai ya wadudu yatakufa.

#4 Mwalimu_Chake

Mtindi una kazi mbili: kulainisha oti, na kuipa soda asidi. Nusu kijiko cha chai cha soda kinamalizwa vizuri na kikombe kimoja cha mtindi. Ukiondoa mtindi ukaacha soda, haipati wa kupambana naye: mafini yanatoka na rangi ya kahawia iliyokolea, ladha ya sabuni, na hayainuki vya kutosha.

Kwa hiyo:

Maziwa mabichi: tia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu au siki nyeupe katika kikombe cha kupimia, jaza maziwa mpaka yatimie kikombe, acha dakika 10 yagande kidogo. Soda inabaki nusu kijiko kama kawaida.

Tui la nazi: halina asidi ya maana. Ondoa soda kabisa, tia beking pauda vijiko viwili vya chai badala ya kimoja. Na angalia ni tui gani. Tui la kwanza lina mafuta mengi, basi punguza mafuta ya kupikia yawe vijiko viwili vya chakula. Ukitumia tui la pili, mafuta acha theluthi ile ile ya kikombe. Wengi hutia tui zito na mafuta yote, kisha wakashangaa karatasi zimelowa mafuta mpaka nje.

Mtindi mzito sana wa kukata kwa kisu: robo tatu ya kikombe mtindi, robo maji.

Nyengine ambayo naona haisemwi: hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, na beking pauda ikipata unyevu hujimaliza yenyewe ndani ya kopo. Tarehe ya kopo haina maana kama kifuniko kimekuwa kikilegea jikoni miezi. Ipime: kijiko cha chai kwenye robo kikombe ya maji ya moto. Ikichemka kwa fujo, nzima. Ikitoa vipovu vichache vya unyonge, tupa. Soda ipime kwa siki au ndimu, sio kwa maji.

#5 Shoga_wa_Michenzani

Na yanayochongoka juu kama kofia ya harusi, ukiyakata ndani kuna mashimo marefu marefu kutoka chini kwenda juu?

#6 Bi_Hiliki

Umekoroga mno, shoga. Unga wa ngano ukikutana na maji ukawa unazungushwa, unajenga nyuzi zinazovutika. Kwenye chapati tunazitaka. Kwenye mafini zinakamata hewa na kuisukuma ipite njia moja kwenda juu, ndiyo yale mashimo, na kichwa kinachongoka. Mashine ya kuchapia keki hufanya hivyo kwa sekunde ishirini.

Kama hukukoroga sana na bado yamechongoka na kupasuka, basi moto ni mkali: ganda la juu limekauka mapema na rojo la ndani limetafuta pa kutokea.

Mengine kwa ufupi. Yamebonyea katikati baada ya kutoka: ama rojo lilikuwa la maji, ama umefungua mlango wa oveni kabla ya dakika 12, ama beking pauda imezidi na yameinuka kuliko uwezo wake. Bapa na yamesambaa: oveni haikuwa tayari, au beking pauda imekufa. Vitako vyeusi na juu bado: soma atakayoandika Fundi. Makavu siku ya pili: unga umepimwa kwa kuchota. Hili la unga ni kubwa. Ukikitumbukiza kikombe ndani ya mfuko wa unga na kukandamiza, unapata hata gramu 150 badala ya 125. Tumia kijiko kujaza kikombe, kisha sawazisha juu kwa mgongo wa kisu. Mwenye mizani ndogo asisumbuke na vikombe.

#7 Fundi_Majiko

Salaam aleikum. Naingia hapa kwa sababu nusu ya lawama za kanuni ni za jiko.

Oveni za umeme: kidude kile cha nyuzi kinadanganya, oveni nyingi za nyumbani hutofautiana na namba zake. Nunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani, ndicho chombo chenye faida kuliko vyote hapa. Oveni zenye namba za Farenhaiti: 400 ni kama 200 zetu, 350 ni kama 180. Yenye feni, punguza nyuzi 20. Ya gesi yenye namba za 1 hadi 9, weka 6.

Oveni ya gesi yenye moto chini tu: tia treya tupu kwenye ngazi ya chini kabisa, mafini yawe ngazi ya kati au ya juu kidogo. Ile treya inakinga vitako. Ikifika dakika 13, geuza treya ya mafini, iliyokuwa nyuma ije mbele. Sio kabla ya hapo.

Umeme ukikatika katikati: usifungue kuchungulia. Ikiwa yameshapita dakika 12, oveni yenyewe ina joto la kuyamaliza, yaache dakika 15 nzima mlango umefungwa, kisha pima kwa kijiti. Yakiwa ndiyo kwanza dakika 5, hamishia kwenye sufuria ya mchanga kwenye gesi haraka. Yatatoka mafupi lakini yataliwa.

Sasa sufuria. Sufuria nzito, pana. Mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 2 hadi 3, au kama huutaki mchanga weka kisahani cha bati kilichogeuzwa au vijiwe vitatu, muhimu vikombe visikae juu ya chuma kinachoguswa na moto. Funika, pasha moto wa kati dakika 15 tupu. Halafu ndiyo utie mafini.

Kwenye gesi, sufuria haina moto wa juu, basi juu yatabaki meupe hata yakiiva. Hakuna ujanja hapo zaidi ya kunyunyiza sukari na mdalasini kabla ya kuingiza. Kifuniko kitadondosha maji. Kizungushie kitambaa safi kwa ndani na ncha zake uzifunge juu ya kifuniko, mbali na moto. Dakika 25 hadi 30.

Kwenye mkaa unapata rangi, kwa sababu unapalia. Kifuniko kiwe bapa au tumia sinia la bati. Mkaa uwe umeshawaka wote na umevaa jivu la kijivu, usiwe na ndimi. Theluthi mbili juu, theluthi moja chini, kama mkate wa kumimina.

#8 Kibanda_cha_Mkoani

Fundi, hapo kwa heshima napinga. Mkate wa kumimina ni rojo la mchele jepesi lenye hamira, limeshaumuka kabla halijaona moto. Mafini yanaumuka humo humo ndani. Ukipalia theluthi mbili juu tangu mwanzo, uso unakauka ndani ya dakika tano na mafini yanagoma. Sawa kwa sawa dakika 10 za mwanzo, kisha chota makaa ya chini uyapandishe juu. Rangi inakuja dakika 8 za mwisho.

#9 Fundi_Majiko

Yakhe, hilo nalikubali kwa vikombe vidogo. Kwa chombo kimoja kikubwa, mtu anayemimina rojo lote kwenye sufuria kama keki, mimi bado nasema juu zaidi tangu mwanzo, maana chini kunaungua kabla katikati hakujaiva.

Kupima moto bila kipimajoto: nyunyiza kijiko cha chai cha unga kwenye kisahani cha bati, weka ndani, funika, hesabu dakika 5. Ukibaki na rangi hafifu tu, moto mdogo. Ukiwa wa dhahabu iliyokolea, ingiza. Ukiwa kahawia ya giza, toa makaa mawili matatu chini.

Na vikombe: vya bati vya kawaida, au vya alumini. Makopo ya chakula yenye rangi nyeupe au ya dhahabu ndani yake yamepakwa kitu, yasitumike kuchomea.

#10 Mkarafuu_Wete

Nimeelewa. Tuje kwenye kubadilisha. Huku ndizi na embe ndio zenyewe, boga lipo, na karafuu sina haja ya kusema.

#11 Bi_Hiliki

Kaka Wete, kanuni ya kubadilisha ni kujua unachotia ni cha maji au ni kipande.

Vipande vikavu havina tatizo: tende zilizokatwa, zabibu, korosho, lozi, njugu. Jumla isizidi robo tatu ya kikombe kwa mafini 12. Wanaosema uvipakie unga visizame, hiyo ni ya keki nyepesi. Rojo la oti ni zito, havizami. Zabibu zikiwa ngumu zilowe maji ya moto dakika 10, kamua, kausha, la sivyo zitanyonya maji ya rojo.

Vya kupondwa ndiyo vya kuangalia. Ndizi: kikombe kimoja cha ndizi iliyopondwa, mtindi ushuke nusu kikombe, sukari theluthi ya kikombe, beking pauda kijiko kimoja na nusu, soda robo kijiko. Loweka oti ndani ya mtindi na ndizi pamoja. Kisukari au pukusa lililoiva mpaka ganda lina madoa meusi. Mkono wa tembo hapana. Hata likiiva lina wanga mwingi, mafini yanakuwa mazito na yananata kwenye meno.

Boga: lichemshwe au lichomwe, lipondwe, kisha ulikamue kwa kitambaa, kwa sababu mengi yana maji. Robo tatu ya kikombe baada ya kukamuliwa, mtindi nusu kikombe. Boga na tangawizi ya unga ni ndugu.

Embe: boribo iliyoiva lakini bado imara, ikatwe vipande vidogo vya sentimita moja, ichujwe robo saa, nusu kikombe tu. Embe la kupondwa linatoa mafini yenye katikati mbichi hata ukiacha dakika 30. Kama lazima upondee, lipike sufuriani mpaka lipungue nusu.

Nanasi na papai: hapa kuna mtego. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na likikaa na mtindi ile nusu saa ya kulowa linatoa uchungu. Papai vile vile. Nanasi lipike kwanza na kijiko cha sukari dakika 5, lipoe, lichujwe, ndipo litie mwishoni.

Nazi iliyokunwa: nusu kikombe, ikaange kavu kwenye kikaango mpaka inukie na kugeuka rangi. Mbichi inatoa maji, na inafupisha umri wa mafini.

Karafuu: thumuni ya kijiko cha chai kwa mafini 12, iliyosagwa laini. Ndiyo, kidogo hivyo. Ikizidi inatia ganzi ulimi na kufuta kila ladha nyengine. Ukitaka kuisikia zaidi, ongeza mdalasini na kungumanga pembeni yake, sio karafuu yenyewe.

Samli badala ya mafuta: inapendeza harufu, ila iyeyushwe na ipoe, na mtindi usiwe wa baridi kutoka friji, vinginevyo inaganda vipande vipande. Mafini ya samli huwa magumu kidogo siku ya pili kwa sababu samli huganda tena. Ya mafuta ya maji hubaki laini. Mimi kwa ya kuliwa siku hiyo hiyo natia samli, kwa ya kuweka natia mafuta.

#12 Shoga_wa_Michenzani

Mayai je? Ya kienyeji madogo. Na asiyekula yai?

#13 Bi_Hiliki

Kienyeji kimoja, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha mtindi. Bila yai kabisa: vijiko vinne vya chakula vya ndizi iliyopondwa, au vitatu vya mtindi pamoja na nusu kijiko cha chai cha beking pauda ya ziada. Oti yenyewe inashika, kwa hiyo hayavunjiki sana. Yatoe treyani baada ya dakika 10 badala ya 5.

#14 Ami_Salim_Mtendeni

Nauliza kwa ajili ya mzee mwenye kisukari. Naona watu wanasema mafini ya oti hayana neno, eti oti inateremsha sukari na mafuta ya damu. Ni kweli?

#15 Mwalimu_Chake

Ami, shikamoo. Tufanye hesabu badala ya kusikiliza.

Katika kanuni ya juu, oti ina wanga kama gramu 60, unga 95, sukari 100, mtindi kama 12. Jumla karibu 267. Gawa kwa 12, kila moja lina gramu 22 hivi za wanga, na sehemu kubwa ni unga mweupe na sukari. Ukipunguza sukari iwe robo kikombe, inashuka kama gramu 18. Bado ni chakula cha kuhesabiwa, sio cha kula bila hesabu.

Kuhusu oti yenyewe: nyuzi zake laini, beta-glukani, kweli zinasaidia kuteremsha kolesteroli. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu maelezo hayo kwenye pakiti tangu 1997, lakini kiwango ni gramu 3 za beta-glukani kwa siku. Gramu 90 za oti zina kama gramu 3 na nusu. Umezigawa kwa mafini 12. Ili mzee afikie kiwango ale kama kumi. Akitaka faida ya oti apewe uji wake bila sukari, na mafini yawe kitafunio.

Tende badala ya sukari: gramu 150 za tende zisizo kokwa zina sukari kama gramu 100, sawa sawa na uliyoiondoa. Ladha nzuri, nyuzi zaidi, lakini sio bila sukari. Na kipimo cha mzee kiwe kwa daktari wake.

#16 Bi_Hiliki

Naongeza hapo: sukari isishuke chini ya robo kikombe bila kurekebisha. Sukari inashika maji. Ukiitoa, ongeza vijiko viwili vya mtindi na toa mapema dakika mbili, na usitegemee yapate rangi.

#17 Kibanda_cha_Mkoani

Unga mwengine badala ya ngano? Muhogo upo tele.

#18 Mwalimu_Chake

Nusu ya ngano unaweza kuibadilisha na unga wa mtama au wa muhogo bila kugusa kitu chengine. Wote ukiutoa, rojo linakosa kishikio. Mchanganyiko unaosimama: saga oti kavu kwenye blenda upate unga laini, gramu 75, na unga wa muhogo gramu 50, mayai yawe mawili, na rojo liachwe dakika 15 kabla ya kujaza. Hapa koroga upendavyo, hakuna ngano ya kukasirika. Unga wa mchele peke yake hutoa mchanga mdomoni.

Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani asiyeweza kula gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, asidanganyike na hili. Oti haina gluteni ya ngano, lakini huchanganyika na ngano na shayiri shambani na viwandani. Yeye anahitaji oti iliyoandikwa wazi kuwa haina gluteni, na wapo wachache ambao hata hiyo haiwafai.

#19 Shoga_wa_Michenzani

Ya kuuza skuli, yanakaa siku ngapi?

#20 Bi_Hiliki

Ya kawaida, siku mbili kwenye chombo kilichofungwa, yakiwa yamepoa kabisa kabla ya kufunikwa. Yakifunikwa na mvuke, siku ya pili juu yananata kama yamepakwa asali, ya tatu ukungu. Yenye ndizi, boga au embe, siku moja na nusu. Yenye nazi, siku hiyo hiyo. Nazi inachacha kabla hujaona dalili. Friji inayakausha, afadhali friza: yafunge moja moja, hukaa miezi miwili, ukiyatoa usiku asubuhi yako tayari kwa mkoba wa mtoto.

Kwa biashara, pima rojo kwa mizani ndogo au upawa mmoja usiobadilika. Wateja wa skuli wanajua kupima kwa macho kuliko mizani.

#21 Mkarafuu_Wete

La mwisho. Nikitaka 24 na treya ni moja ya 12, nichanganye yote pamoja?

#22 Bi_Hiliki

Loweka oti yote pamoja, na vya maji vyote pamoja. Vikavu pima mafungu mawili, kila moja na beking pauda yake. Fungu la pili lichanganye treya ya kwanza ikiwa imebakisha dakika tano. Soda huanza kazi pale pale inapogusa mtindi, na rojo lililosubiri nusu saa mezani linatoa mafini ya chini chini.

Treya ioshwe na ikauke, ipoe mkononi kabla ya kuijaza tena. Na vikaratasi vipake mafuta kwa brashi, tone tu, kwa sababu kanuni hii haina mafuta mengi na mafini ya moto hushika karatasi. Ukisubiri yapoe kabisa ndipo umenye, yanaachia.

#23 Fundi_Majiko

Na oveni iache iwake katikati ya treya mbili, mlango ufungwe. Dakika tano za mlango wazi zinaishusha mpaka 150, kisha uzi huu unafunguliwa upya na swali la kwa nini treya ya pili imetoka bapa.

#24 Kibanda_cha_Mkoani

Ya mkaa hayo hayo: ongeza makaa mapya kwenye seredani ya pembeni mapema, yavae jivu huko huko. Usitie mkaa mbichi chini ya sufuria treya ya pili ikiwa ndani, moshi unaingia kwenye mafini.